A na B Wakazaa O

Wanafunzi walimwita Bi Chembe, kwa sababu hakuwahi kuanza somo bila kusema, "Tuanze na chembe moja." Alifundisha baiolojia katika sekondari iliyo nyuma ya kituo cha mabasi. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, na kibanda chake kilikuwa mtaa wa pili. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, binti aliyerefuka ghafla mpaka sare zake zikamwonea haya. Nyumba yao haikukosa kelele: redio, jokofu la mteja likijaribiwa ukumbini, na mama na binti wakibishana kuhusu kila kitu, kuanzia urefu wa sketi mpaka kama buibui ni mdudu au si mdudu.

Siku moja binti aligongwa na pikipiki akivuka barabara ya shule. Hakuvunjika mfupa, ila damu ilikuwa ikivuja ndani ya tumbo, na daktari akasema apasuliwe bila kuchelewa. Wazazi walikuwa wamekaa kwenye benchi la korido, roho mkononi, pale mtaalamu wa maabara alipotokeza kichwa mlangoni.

"Mgonjwa wenu ni kundi O," alisema. "Akiba ya O imetuishia, na mtu wa O hapewi damu nyingine. Nani hapa ni O?"

Fundi alikuwa ameshakunja shati hadi begani. "Mimi ni A."

"Samahani, haifai."

"Mimi ni B," alisema Bi Chembe, ingawa alishajua jibu.

Ndipo aliposimama dada mkubwa wa fundi, wifi yake Bi Chembe, mwenye saluni ya sokoni. Alikuja mbiombio kutoka kazini, vidole vimejaa rangi ya nywele. "Mimi O," alisema. "Chukueni mpaka mtosheke."

Bi Chembe alimkumbatia wifi yake na kulia begani kwake. Hata katika hofu ile, kichwa chake cha ualimu kilizipitia zile herufi haraka, A, B, O, kikasema ndiyo, ni robo, kisha kikarudi kwenye hofu. Hakujua kwamba kwenye benchi lile kulikuwa na vichwa vingine viwili vilivyopiga hesabu ileile na kupata jibu jingine.

Binti alipasuliwa, akashonwa, akaamka na kuuliza kama mtihani umeahirishwa. Wote walicheka kwa furaha. Kesho yake, wakiwa koridoni, wifi mtu akafungua kinywa, pamba ya sindano ikiwa bado mkononi.

"Wifi, mimi si mtu wa kumung'unya maneno. Kaka yangu ni A. Wewe ni B. Hiyo O imeingilia mlango gani?"

Bi Chembe alidhani anataniwa. Mawifi hutaniana. "Imeingilia milango yote miwili, wifi yangu. Ngoja tutulie, nitakueleza."

"Hakuna cha kueleza. Mtu hawezi kutoa asichonacho. Mimi nimetoa damu yangu, na nina haki ya kujua nimempa mtoto wa nani."

Bi Chembe akageuka kumtazama mumewe. Fundi alikuwa amesimama dirishani, macho yake kwenye gari la wagonjwa lililoegeshwa nje, kana kwamba ameitwa kulitengeneza. Bi Chembe akamngoja. Alimngoja kama mtu anavyongoja mkono wa mwenzake gizani, akijua upo.

"Tungepima tu," fundi akasema hatimaye. "Kile kipimo cha vinasaba. Ili watu wanyamaze."

"Watu gani?"

"Watu."

Hapo akaelewa kwamba hao watu ni mumewe.

Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya darasani, ile inayofika dawati la mwisho bila kupaza. "Simpimi mtu. Mtoto ana mshono tumboni, hatachomwa sindano nyingine kwa ajili ya wasiwasi wa watu wazima. Na mimi sili kiapo, silii, wala sipigi magoti. Mwenye swali aje akae aniulize kama mwanafunzi, nitamjibu. Anayetaka kunihukumu, apite."

Fundi akapita kweli. Akaondoka bila kuingia wodini kumuaga binti yake, na binti alikuwa macho, mlango wazi, anasikia.

Saluni ni saluni. Wifi alimwaga mtama kwenye kuku wengi, na kabla nywele za mteja wa kwanza hazijakauka, sokoni pote palijulikana kwamba mke wa fundi, yule mwalimu anayejifanya msomi, amezaa nje ya ndoa na damu imemuumbua. Wenye watoto katika shule ile wakaenda na neno hilo nyumbani. Watoto wakaja nalo shuleni.

Mkuu wa shule alimwita ofisini. Alikuwa mtu mpole aliyeogopa wazazi kuliko alivyomwogopa waziri.

"Mwalimu, mada ya urithi inaanza wiki hii kidato cha nne, siyo?"

"Ndiyo. Meiosisi na urithi wa tabia."

"Nimeona tumwachie mwalimu wa kemia. Kwa muda tu. Unajua watu wanaongea, na mada yenyewe ni mambo ya… baba, mama, mbegu. Itakuwa kama tunachokoza."

"Mkuu, mwalimu wa kemia anaamini mtoto hufanana na mtu ambaye mama alimchukia akiwa mjamzito. Amenieleza mwenyewe."

"Ni kwa heshima yako."

"Heshima yangu nimekuja nayo, sijaomba ya kuazima." Akasimama. "Nitaifundisha. Ukitaka kunizuia, njoo unizuie nikiwa nimeshika chaki, wanafunzi waone."

Alipoingia darasani alikuta pameandikwa ubaoni, kwa herufi kubwa: A + B = O? Kulikuwa na kicheko cha chinichini, kile kinachopitia puani. Alisimama akakisoma kile kisa chake, mgongo kwa darasa, muda wa kutosha kuwafanya wajute. Kisha akageuka.

"Aliyeandika simtafuti," alisema. "Ameniokolea chaki. Hilo ndilo somo letu la leo. Tuanze na chembe moja."

Hakuna aliyecheka tena.

Alichana karatasi, akaandika A kwenye moja na O kwenye nyingine, akawabandika wanafunzi wawili vifuani na kuwasimamisha mbele. "Hawa ni kromosomu mbili, jozi moja. Mmoja alitoka kwa baba, mwingine kwa mama. Wamebeba habari ya jambo lilelile, kundi la damu, lakini kila mmoja ana neno lake. Mtu mwenye jozi hii, ukimpima damu, utasoma nini?"

"A!" walijibu baadhi.

"Kwa nini si O?"

Wakaikodolea karatasi ya O.

"Kwa sababu O ni mkimya. Akikaa na A, A ndiye anayesikika. Akikaa na B, vilevile. Ila kunyamaza si kutokuwepo. Wahenga walisemaje?"

"Kimya kingi kina mshindo mkuu!"

"Basi tuusubiri huo mshindo." Aliwasogeza. "Mwili ukitaka kutengeneza mbegu au yai, kwanza kila kromosomu hujinakili. Kila mmoja atafute pacha, amshike mkono." A akapata A mwenzake, O akapata O. "Sasa jozi zinakutana katikati ya seli, ile chembe yetu. Tazamaneni. Msicheke, kromosomu hazicheki. Haya, achaneni! A na pacha wake waende mlangoni, O na pacha wake dirishani. Huo ni mgawanyiko wa kwanza wa meiosisi. Jozi imevunjika. Sasa mgawanyiko wa pili: mapacha waachane mikono."

Wanafunzi wanne wakasimama katika pembe nne za darasa, kila mmoja peke yake na karatasi yake.

"Seli ngapi?"

"Nne!"

"Ngapi zimebeba A na O kwa pamoja?"

Wakatazama pembe zote. "Hakuna!"

"Hakuna. Jozi haisafiri nzima. Mtu wa A aliyeficha O hutengeneza mbegu, na nusu ya mbegu zake hazina A hata chembe. Zina O tupu. Mendel, mtawa wa zamani, alipanda njegere bustanini kwake, akahesabu, akaona sifa iliyopotea kwa wazazi inarudi kwa robo ya watoto wao. Alipata hesabu. Kromosomu zikiachana hakuziona. Ninyi mmeziona, zimevaa sare."

Darasa likaamka. Alipanga kundi la pili, la mama, lenye B na O, nalo likajinakili, likakutana, likaachana. Wa kundi la baba wakasimama ukutani, wa kundi la mama mkabala nao, na dada mkuu wa darasa, macho yamefungwa kwa tai, akawa anagusa bega moja huku na bega moja kule, kisha kuwarudisha na kugusa tena. Wakatoka A na B, watoto wa AB. Wakatoka O na B. Wakatoka A na O. Darasa lilikuwa limeshaanza kupiga meza. Mkono ukamgusa mvulana mrefu wa dawati la nyuma, mwenye O ya baba, halafu msichana mfupi mwenye O ya mama. Wakasogea katikati, wakasimama bega kwa bega.

"Someni."

"O!" Darasa zima. "O na O!"

"Baba ni A. Mama ni B. Mtoto O. Kila mimba, nafasi moja kati ya nne." Akafuta ile alama ya kuuliza ubaoni kwa kiganja. "Mtu akiwaambia haiwezekani, mwambieni akae chini afundishwe."

Mvulana mrefu akainamisha kichwa. "Mwalimu, ni mimi niliyeandika."

"Najua. Una chaki mpaka kwenye kola."

Mkuu alikuwa dirishani. Haijulikani alisimama hapo tangu lini. Baadaye, uwanjani, alimwambia, "Utaniletea wazazi."

"Waje, mkuu. Madawati yapo."

Binti alirudishwa nyumbani, akawa anatembea akishikilia kuta. Fundi alilala sebuleni, akaamka mapema, akarudi amechelewa, na mezani aliongea kuhusu compressor ya jokofu kana kwamba ndiyo iliyougua. Hatimaye mama yake mzazi akaitisha kikao. Wakakaa sebuleni Jumamosi mchana: mama mkwe kwenye kiti cha mkono, wifi karibu naye, fundi kwenye stuli kama mgeni. Binti alikuwa chumbani, na mlango hakuufunga.

Mama mkwe alikuwa mama mwema asiyependa kelele. "Mwanangu," alianza, "mimi nimeona mengi. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Mtoto amezaliwa ndani ya nyumba hii, ni wetu. Wewe omba radhi kidogo tu, mumeo akubali, yaishe."

"Mama, nakuheshimu," alisema Bi Chembe, "na ndiyo maana nakukatalia mbele yako, sitakusemea pembeni. Hiyo methali ni blanketi. Hufunikwa aliyefanya. Mimi sijafanya, nikijifunika nitakuwa nimekiri."

"Basi pima!" wifi akadakia.

"Sipimi. Ila ulitaka kujua mlango, nami nilikuahidi kukueleza."

Akatoka hadi barazani walikovua viatu, akarudi na jozi mbili za ndara: za mama mkwe, na za fundi. Akaziweka katikati ya zulia. Wifi alisonya.

"Mama, wewe damu yako ni gani?"

"A. Waliniandikia nilipopasuliwa goti."

"Na wifi ni O, tumeona wote. Sasa hizi ni ndara zako, mama. Kiatu cha kulia ni A. Cha kushoto ni O. Hizi nyingine tuseme za marehemu baba; cha kushoto pia ni O. Mwanamke akitengeneza yai, jozi haiendi nzima. Kinakwenda kiatu kimoja. Baba naye hutoa kimoja. Mtoto anavaa alichopewa na wote wawili. Wifi, ili uwe O ni lazima uwe na O mbili, maana ingekuwepo A ingejitangaza. Moja ulipewa na baba. Ya pili ulipewa na nani?"

Wifi alikodolea macho zile ndara. "Baba."

"Baba alitoa kimoja tu."

Mama mkwe akainama, akakiokota kile cha kushoto, akakigeuzageuza kama kiatu cha mtu mwingine. "Kwangu," alisema taratibu. "Alipewa na mimi."

"Na wewe ni A, mama. Kwa hesabu ya wifi, mtu wa A hawezi kumpa mtoto O. Kwa hesabu hiyo, wifi si mwanao."

"We!" Mama mkwe akaangua kicheko, akampiga binti yake begani kwa ile ndara. "Nilikuzaa kwa uchungu wa siku nzima, leo unajitoa mwenyewe!"

"Kwa hiyo mimi," wifi alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "nina viatu viwili vya kushoto?"

"Viwili vya kushoto. Na binti yangu pia. Kimoja amepewa na mimi, kimoja na kaka yako, na kaka yako aliletewa na hawa waliokuleta wewe. Ndiyo maana damu yako ilimfaa. Ulimpa damu mtoto wa kaka yako, wifi, nami sitaisahau hadi nife. Na uliyoyasema saluni pia sitayasahau."

Wifi alivuta pindo la kanga, akajifuta jasho lisilokuwepo.

Fundi alipumua kwa nguvu, akasimama, uso umefunguka kwa mara ya kwanza tangu hospitali. "Basi, mke wangu. Nimeelewa. Yamekwisha. Tule."

"Hayajaisha," alisema Bi Chembe. "Umeelewa nini?"

"Kwamba inawezekana."

"Inawezekana. Hivi viatu vinasema hivyo tu, mume wangu. Havisemi nilikuwa wapi. Havisemi nililala na nani. Ningekuwa mwongo, vingekuambia vilevile, kwamba inawezekana. Kilichobaki hapo ni neno langu, na neno langu lilikuwepo tangu siku ya kwanza, koridoni. Ulitazama gari."

Fundi akarudi kukaa kwenye stuli.

"Sitaki mume anayeniamini kwa sababu ya ndara. Nenda na mama, ukae kwake. Siku utakayoweza kuniamini bila hizi, mlango unaujua."

Mama mkwe akataka kusema neno, akaitazama sura ya mkwewe, akaamua kuvaa viatu vyake. Fundi alichukua begi la vifaa na shati la kubadilisha. Safari hii alipita chumbani kwa binti, akakuta mlango umefungwa.

Siku zilikuwa ndefu. Majirani waliosema mwanzo walisema tena, safari hii kwamba mwanamke gani anamfukuza mume aliyekwisha kumsamehe. Bi Chembe aliwasalimia wote kwa majina yao ya ukoo na kupita. Akifika nyumbani wakati mwingine alikaa jikoni na kulia kidogo, sufuria ikichemka, kisha akaonja chumvi na kuendelea. Binti alimkuta hivyo mara moja.

"Mama, si ungemwacha tu arudi?"

"Ningemwacha, ungefurahi?"

Binti akafikiri. "Hapana. Ningekasirika kimoyomoyo mpaka chuo kikuu."

"Basi."

Asubuhi moja, binti akiwa barazani anajizoeza kukaa wima, fundi akaja kwa miguu, bila begi.

"Mama yako yupo?"

"Yupo. Na mimi pia nipo."

Fundi akasimama palepale kwenye ngazi. Ndani, Bi Chembe alikuwa akisahihisha madaftari karibu na dirisha. Alisikia, hakuinuka.

"Siku ile hospitali," fundi alisema, "niliondoka bila kukuaga."

"Na kesho yake uliingia wodini ukamsalimia nesi."

"Ndiyo." Alikaa kwenye ngazi ya chini, mwanawe juu yake. "Sijapima, na sitapima. Wewe ni mwanangu."

"Mimi nilikuwa najua, baba. Wewe ndiye uliyekuwa hujui."

Akapokea hilo bila kujitetea. Kisha binti akamwomba amshike mkono, washuke ngazi na kupanda, maana daktari alisema afanye hivyo kila siku na mama ana haraka mno. Wakashuka na kupanda. Alipomrudisha kitini, fundi aliingia ndani.

"Nakuamini," alisema.

"Kwa sababu ya nini?"

"Sina sababu. Naijua sauti yako ikidanganya; huwa unakohoa kwanza. Siku ile hukukohoa. Nilisikia, nikaogopa dada yangu na watu kuliko nilivyokusikia wewe. Ndiyo hivyo. Hakuna kingine."

Bi Chembe alimaliza daftari lililokuwa mkononi, akaweka alama, akalifunga.

"Maneno yalisemwa saluni," alisema. "Kayaseme kulekule. Kwa sauti ileile, watu wakiwemo."

"Leo?"

"Leo Jumamosi. Watakuwepo wengi."

Fundi alikwenda. Walioshuhudia walisema saluni ilikuwa imefurika, na mashine za kukaushia nywele zilivuma kiasi kwamba alianza mara mbili bila kusikika. Wifi mwenyewe ndiye aliyekwenda ukutani akazizima, moja baada ya nyingine, mpaka pakawa kimya, na wateja wakatoa vichwa, wengine wamesukwa nusu. Fundi akasema mke wake hakukosa kitu, mtoto ni wake, na aliyekosa ni yeye, aliyekaa kimya pale alipotakiwa kusema. Kisha wifi, kitana bado mkononi, akasema, "Na mimi." Hakusema zaidi, ila kwa mtu wa aina yake hayo yalikuwa mengi.

Mteja mmoja, mama wa mwanafunzi wa kidato cha nne, akauliza kutoka chini ya povu la shampuu, "Lakini hiyo O ilitoka wapi hasa?"

"Kaa," wifi akasema, akivuta kiti. "Nitakueleza. Mnavaa viatu, siyo?"